Boma Letu Limo Kwenye Bajeti

Kila nikinunua umeme, kabla uniti hazijaingia, LUKU hunikumbusha kwamba mimi ni mlipakodi. Kodi ya jengo imeshakatwa. Jengo lenyewe si langu. Mimi ni mpangaji wa vyumba viwili na sebule huku mlimani, kwenye nyumba ya mzee mmoja anayeishi Magu, ambaye hunipigia simu kila mwisho wa mwezi kuniuliza habari za afya, na afya anayoiulizia ni ya kodi yake ya pango. Lakini mita ni moja na simu inayonunua umeme ni yangu, basi serikali ikaniona mimi. Tuliambiwa mpangaji amkate mwenye nyumba kwenye pango. Nani hapa Mwanza amewahi kumpigia mwenye nyumba wake akasema, "Shikamoo mzee, naomba ile elfu moja mia tano yangu"?

Ilipoingizwa kwenye LUKU mwaka 2021 kodi hiyo ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Kabla ya LUKU kulikuwa na TRA, waliokabidhiwa kazi hiyo mwaka 2016, na kabla ya TRA kulikuwa na halmashauri, ambao utaratibu wao ulikuwa kumtuma kijana mwenye fomu na kalamu ya kuazima. Alipoonekana tu chini ya mlima, watoto walishafundishwa waseme baba amesafiri. Kwa LUKU hakuna baba aliyesafiri. Nayaeleza haya mapema ili mheshimiwa yeyote atakayenisoma asije akasema nalalamikia pesa za watu wengine.

Ninalolalamikia ni boma.

Lipo kwenye shule ya msingi ya mtaani kwetu. Jina la shule silitaji, mwalimu mkuu ana familia. Ni vyumba viwili vya madarasa na ofisi katikati. Kuta zilifika kwenye lenta, na hapo ndipo habari ilipoishia kwa miaka. Mijusi wenye vichwa vyekundu wakahamia, kila mmoja na dirisha lake. Mbuzi wa jirani wakawa wanakimbilia humo mvua ikianza, kwa matumaini yaliyonishangaza siku zote, maana paa halikuwepo. Kwenye chumba cha upande wa ziwa uliota mpapai. Ukakua, ukaipita lenta, ukazaa, na mapapai yake yakaleta mjadala mrefu kwenye kamati ya shule kuhusu kama yahesabiwe kuwa mapato ya ndani.

Kuta zile ni zetu. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 watoto walijaa hadi wakawa wanasoma kwa zamu, wengine asubuhi, wengine mchana, na wale wa mchana wakawa wanafika saa nne asubuhi kuja kuchungulia wenzao dirishani. Tukakubaliana kwenye mkutano wa mtaa kwamba tuanze sisi, serikali itatukuta njiani. Ndiyo kanuni inayojulikana nchi nzima: wananchi wanapandisha kuta, serikali inaezeka. Kila Jumamosi tukasomba mchanga, tukapandisha maji ndoo kwa ndoo, tukagonga kokoto. Mawe hatukuyatafuta. Mwanza mtu hatafuti mawe, mawe ndiyo yanayomtafuta mtu.

Fedha taslimu zilikuwa na mambo yake. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni, ikabaki ile ya hiari. Hiari ya mtaani kwetu ina daftari. Mwenyekiti wa mtaa husoma kwenye mkutano majina ya waliotoa kwa hiari, kisha husoma, kwa sauti ya juu zaidi, majina ya wale ambao hiari yao bado haijawafika. Nilitoa mifuko miwili ya saruji kwa hiari hiyo.

Sasa hebu tupige hesabu kidogo, kwa kuwa wenzetu wa halmashauri wanapenda hesabu. Mwaka 2021 ilipokuja tozo ya miamala ya simu (mnaikumbuka, ile ya kukatwa ukituma na kukatwa tena ukitoa), serikali ilisema shilingi bilioni 7 kati ya zile zilizokusanywa zitamalizia maboma 560 ya madarasa. Gawanya. Ni milioni 12.5 kwa boma moja la darasa. Mwaka huohuo, kwa fedha za UVIKO, darasa jipya kabisa, kuanzia msingi hadi rangi, lilipangiwa milioni 20. Toa moja kwenye nyingine. Milioni 7.5 zinazobaki ndiyo bei ya migongo yetu kwa kila darasa: zile Jumamosi, zile ndoo, ile hiari ya kwenye daftari. Boma letu ni la vyumba viwili, kwa hiyo ni milioni 15, na ofisi tumewapa kama nyongeza. Mimi katika maisha yangu sijawahi kumkopesha mtu milioni 15. Tuliikopesha halmashauri, mimi na jirani zangu, na hati ya deni ikawa mpapai.

Na wala hatukukaa kimya. Kila mwaka, wakati wa kuandaa bajeti ukifika, tunaitwa kwenye mkutano wa kuibua vipaumbele. Utaratibu wenyewe unaitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, na kwenye karatasi sina ugomvi nao: maendeleo yaanzie chini, kwa wananchi wenyewe. Wananchi tunakaa chini kweli, kwenye mawe, kwa sababu viti ni vya meza kuu. Mtendaji anafungua kaunta buku anauliza tunataka nini. Tunataka boma liezekwe. Anaandika. Mama mmoja muuza dagaa anayekaa ng'ambo ya korongo anataka kivuko, maana mvua ikinyesha watoto wake hawavuki. Anaandika. Kijana wa bodaboda anataka mwamba upasuliwe barabara ipite. Anaandika, ingawa anacheka. Halafu husimama mzee mmoja anayeomba zahanati kila mwaka, na kila mwaka huanza kwa kusema yeye mwenyewe hataiona. Safari iliyopita alimshauri mtendaji asome tu ile orodha ya mwaka uliotangulia, tuwahi kwenda kula.

Kutoka hapo kaunta buku linapanda ngazi. Kamati ya Maendeleo ya Kata, wataalamu wa halmashauri, Kamati ya Fedha na Uongozi, Baraza la Madiwani, sekretarieti ya mkoa, TAMISEMI, mpaka Bunge linapoidhinisha mwezi wa sita. Boma letu limefika Dodoma mara nyingi kuliko mimi.

Kinacholikwamisha huko njiani kinaitwa ukomo. Serikali kuu hutoa mwongozo wa kuandaa bajeti, na pamoja nao kiwango ambacho halmashauri haitakiwi kukivuka. Ukomo huo kwa kawaida hushuka wakati sisi tumeshaomba. Ni sawa na mtu akukaribishe mgahawani, akuulize utakula nini, uagize sato mzima na ugali wa muhogo na mchicha pembeni, ayaandike yote vizuri, kisha arudi akuambie mfukoni ana mia tano. Hajakudanganya, kwa sababu hakusema atakulisha. Alikuuliza tu kipaumbele chako.

Diwani wetu nilimpata msibani, ambako madiwani hupatikana kwa uhakika. Nikamsogelea baada ya maziko.

"Mheshimiwa, na lile boma letu?"

Akanishika bega. "Mwandishi wangu, ondoa shaka. Limo kwenye bajeti."

"Mheshimiwa, hata mwaka jana lilikuwemo."

"Ndiyo. Na halijatoka."

Alisema kwa fahari, na nikiwa mkweli alikuwa na haki ya kujivunia, kwa sababu kuna maboma yaliyowahi kuondolewa humo kabisa. Ila kitabu cha bajeti kina safu ya fedha zilizoidhinishwa na safu ya fedha zilizopokelewa, na nafasi iliyopo kati ya safu hizo mbili ndiyo mtaa wetu unapoishi.

Basi nikaanza kufuatilia fedha zinakwenda wapi. Halmashauri hujenga kwa fedha za kutoka Hazina na kwa wahisani, na hujenga pia kwa mapato yake ya ndani: ushuru wa huduma, leseni, maegesho, vizimba vya sokoni, ushuru wa samaki na dagaa kama wale wa pale Mwaloni, Kirumba. Katika mapato hayo asilimia 10 ni ya mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Halafu kuna sehemu inayotakiwa iende kwenye miradi ya maendeleo, asilimia 40 kwa halmashauri zenye kipato kidogo na 60 au zaidi kwa zenye uwezo. Hiyo ndiyo sehemu ambayo boma letu liliikodolea macho.

Wenye macho walikuwa wengi. Hata Uwanja wa Ndege wa Mwanza ulikuwa unaiangalia. Msidhani natania. Jengo jipya la abiria pale uwanjani lilianza kujengwa kwa mapato ya ndani ya halmashauri mbili, Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela, kabla serikali kuu kupitia Mamlaka ya Viwanja vya Ndege haijabeba mzigo wake. Sina ubaya na ndege. Abiria walibanana pale kwa muda mrefu, na mji wa pili kwa ukubwa nchini hauwezi kupokea wageni kama unapokea mahindi ya gulio. Lakini nilipita nyumba kwa nyumba huku mlimani nikiuliza nani amewahi kupanda ndege. Walikuwa wawili, na mmoja wao alipandishwa akiwa mgonjwa, hakumbuki kitu. Wenye watoto wanaosoma kwa zamu sikumaliza kuwahesabu. Muuza dagaa nilipomweleza kwamba halmashauri nazo hujenga viwanja vya ndege, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama pale uwanjani wana korongo.

Na soko kuu la mjini lilivunjwa lijengwe la ghorofa, wenye vizimba wakahamishwa kwa muda, huo muda ukageuka miaka. Sitaki hata kulianza hilo. Lina wenyewe wanaolilalamikia, na wamenitangulia kwa sauti.

Mtu akiniambia tatizo ni kwamba serikali haiwezi kumaliza majengo, nitambishia. Oktoba 2021 zilizinduliwa zile shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa IMF wa kupambana na UVIKO, na ndani yake kulikuwa na madarasa 15,000, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi. Yalitakiwa yawe tayari kabla shule hazijafunguliwa Januari. Nilishuhudia mambo. Wakuu wa wilaya wakajua bei ya nondo. Maofisa ambao hatujawahi kuwaona bila gari walionekana wakipanda mlima kwa miguu, viatu mkononi. Wakajenga, wakapiga rangi, wakaweka viti na meza, na Januari 2022 watoto wa kidato cha kwanza wakaingia. Hongera zao, nazitoa kwa moyo mweupe. Ila ilikuwa siku mbaya sana kwangu, kwa sababu ndipo nilipoelewa kwamba serikali inaweza kulimaliza jengo lolote ilimradi jengo lenyewe liwe halijaanza.

Fikiria mwenyewe. Mpango unakuja na ramani yake, bei yake, tarehe yake na bango lake. Tangu MMEM ya mwaka 2002 imepita mipango mingi: MMES, EP4R, SEQUIP, BOOST. Wa kwetu wa Jumamosi hauna herufi kubwa hata moja. Boma la wananchi halikujengwa kwa ramani ya mtu, madirisha yake alipima fundi kwa fimbo. Mhandisi akilitazama anaona maswali ya ukaguzi. Diwani mpya akilitazama anamwona diwani aliyemshinda. Kiwanja kitupu hakina maneno na mtu.

Halafu fedha zikaja. Hata mimi sikuamini. Milioni 25, yaani 12.5 mara mbili, zikaingia kwenye akaunti ya shule mwishoni mwa Mei. Mwalimu mkuu alitutangazia kwa sauti ya mtu aliyepokea barua ya uhamisho.

Kazi ikawa ya fosi akaunti. Kwa msomaji ambaye hajawahi kutumbukizwa humo: hakuna mkandarasi, shule yenyewe inanunua vifaa na kutafuta fundi, na wananchi wanaunda kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi. Nia ni njema, gharama inapungua na faida ya mkandarasi inageuka kuwa mabati. Mimi nilichaguliwa kamati ya mapokezi kwa sababu sikuwepo kujitetea. Kazi yangu ilikuwa kupokea mzigo, kuhesabu, kukagua na kusaini. Posho ilikuwa soda, na nayo ilitegemea kama soda ipo.

Mzigo wenyewe ulichelewa, maana siku hizi manunuzi ya umma yanapita kwenye NeST, mfumo ulioanza kutumika 2023, na fundi naye lazima aonekane humo. Fundi wetu amejenga nusu ya mlima huu kwa kupimia jicho, na simu yake ni kitochi. Akaambiwa ajisajili. Akauliza ajisajili wapi, mbona watu wote wanamfahamu. Mwalimu mkuu ikabidi amshughulikie yeye mwenyewe, na mtandao shuleni kwetu unapatikana juu ya jiwe moja kubwa nyuma ya vyoo. Kwa hiyo kila jioni ungemwona mwalimu mkuu wa shule ya serikali, suti ya kaki, amesimama juu ya jiwe, mkono mmoja umeinua simu, na chini yake fundi anamsomea namba za kitambulisho. Watoto walidhani ni ibada.

Mtandao ulipokubali, mlima ukakataa. Ile bei ya darasa haijui mlima. Darasa la kwenye tambarare za Kahama, darasa la huku kwetu ambako upande mmoja wa msingi unaishia kwenye kifundo cha mguu na upande wa pili unampita mtu mrefu, na darasa la kisiwa cha Ukara ambako saruji inapanda boti kwanza, yote yanafikiwa na tarakimu ileile. Lori la mbao na mabati lilifika chini barabarani likasema mwisho wake hapo. Kuanzia hapo kila kitu kilipanda kichwani. Vijana walibeba, wakateremka, wakabeba tena, jioni wakaja kwenye meza ya kamati kudai chao. Mkaguzi anataka risiti ya EFD. Mbebaji anataka hela yake. Mwalimu mkuu anataka kustaafu.

Nilimuuliza mtaalamu mmoja kwa nini makadirio hayakuweka kubeba. Akasema yaliweka "usafirishaji". Nikamwambia usafirishaji uliishia chini. Akanijibu kwamba kwenye mfumo shule yetu inafikika.

Huku kalenda nayo inakimbia. Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unafungwa, na fedha ya Hazina ambayo haijatumika hurudi ilikotoka. Miezi kumi na moja hakuna mwenye haraka, mwezi wa kumi na mbili kila mtu anahema. Mhandisi tuliyekuwa tukiambiwa yuko semina alitokea jioni moja kwa bodaboda, na kabla hajavua helmeti akatuuliza kwa nini wananchi wa mtaa huu tunachelewesha maendeleo. Nilitazama huku na huku nikidhani anasema na mbuzi.

Tuliezeka lakini. Siyo siri, siku lilipopigwa bati la mwisho mtaa mzima ulitoka nje, na yule mzee wa zahanati alipanda mlima kwa fimbo yake akasema hata hili hakutegemea kuliona. Mpapai ulikatwa. Mapapai ya mwisho kamati ya shule bado haijakubaliana yalikwenda wapi, na mimi kama mjumbe wa mapokezi nilikula moja lakini sikusaini.

Kisha mfumo ukafungwa. Fedha za sakafu, milango na madirisha zilikuwa bado ziko "kwenye mchakato", zikarudi na mchakato wake. Julai ikaingia, tukaandika barua, tukaambiwa tusubiri mgao mpya. Kwa hiyo hivi ninavyoandika tuna jengo lenye paa zuri la bluu, lisilo na sakafu, mlango wala dirisha. Mbuzi sasa hawanyeshewi.

Ungedhani mambo mepesi, zimebaki hatua chache, bajeti inayofuata itamalizia. Nilifikiri hivyo. Nikaenda kuuliza ofisini, nikapewa kiti, nikafafanuliwa kwa upole kabisa. Boma ni jengo lisiloezekwa. La kwetu limeshaezekwa, kwa hiyo si boma tena, haliwezi kuombewa fedha za kumalizia maboma. Basi liingie kwenye madarasa, nikasema, mtupe madawati. Haiwezekani. Darasa lina sakafu na milango, hili halina, kwa hiyo si darasa, madawati yatawekwa wapi? Nikauliza sasa hili ni kitu gani. Ofisa akafunua taarifa ya utekelezaji, akaweka kidole kwenye mstari wetu, akasoma: "Limekamilika kwa hatua ya kuezeka."

Kwa hiyo limekamilika. Na kwenye ukurasa uleule, mstari wa chini yake, shule yetu imetengewa darasa jipya moja. Litaanzia msingi, pembeni ya lile lililokamilika.

Nimewaza hata Mwenge. Nimeshaona miradi iliyolala kwa muda mrefu ikiamshwa na kupigwa rangi ndani ya wiki moja kwa sababu Mwenge wa Uhuru unapita njia hiyo. Mwaka 2024 kilele cha mbio zake kilikuwa hapa hapa Mwanza, uwanja wa CCM Kirumba, tarehe 14 Oktoba, na kuna barabara za mji huu ambazo hazijawahi kupendeza kama wiki ile. Ingekuwa amri yangu ningeomba ratiba ya mwaka wowote ipite mlimani kwetu, ilale kwetu, na wakimbizaji waonyeshwe mahali pa kulala: vyumba viwili na ofisi, paa la bluu. Madirisha yangepatikana kabla ya magharibi.

Waheshimiwa madiwani wa kanda hii ya ziwa, wa mjini na wa visiwani, ninyi ndio mnaopiga kura kupitisha kile kitabu kabla hakijapanda kwenda Dodoma. Ombi langu ni dogo. Pitisheni bajeti ya mwaka mmoja, mmoja tu, isiyo na msingi mpya hata mmoja. Iwe ya sakafu, milango, madirisha, vyoo na kivuko cha yule mama wa dagaa. Na kama itawauma kukosa jiwe la msingi la kuweka mwaka mzima, njooni huku mlimani, mawe tunayo mengi, mtaweka mpaka mchoke. Ya kwetu ni madirisha manane, milango mitatu na sakafu ya vyumba viwili na ofisi. Makadirio anayo mhandisi.